Dawa za maumivu ya magoti, mgongo na nyayo kwa mwenye kisukari na presha: jibu kwa mama wa Kirumba, Mwanza

Swali: "Nina umri wa miaka 57, nafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Nina kisukari mwaka wa tisa sasa, na presha. Magoti yote mawili yananiuma, picha ya eksirei ilionyesha yamesagika. Mgongo nao unauma na maumivu yanashuka mpaka mguu wa kulia. Usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa, huku vidole vina ganzi. Natumia metformini, glibenklamidi na kidonge cha presha chenye losartani na haidroklorothiazidi. Kwa ajili ya maumivu nanunua diklofenaki ya miligramu 50, asubuhi na jioni, huu ni mwaka wa pili. Kliniki walinipa amitriptilini ya miligramu 25, nikaiacha baada ya siku chache kwa sababu asubuhi nilikuwa siwezi kuamka. Jirani yangu amenipa tramadoli, na binti yangu aliyeko Dar es Salaam anataka kunitumia pregabalini. Nishike ipi? Naweza kuzichanganya? Nataka dawa itakayonisaidia bila kuniua."

Jibu la mfamasia:

Shikamoo mama, na pole sana. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa majibu ya maswali yako yote yanapitia hapo. Umetaja picha ya magoti, umetaja sukari na presha, lakini hakuna mahali uliposema kwamba umewahi kupimwa figo. Metformini, glibenklamidi, tramadoli, pregabalini na gabapentini zote zinategemea figo ili zenyewe au mabaki yake yatoke mwilini. Figo zikidhoofika, dozi iliyokufaa mwaka jana inaweza kukudhuru mwaka huu bila wewe kuongeza hata kidonge kimoja. Kipimo chenyewe ni cha damu, kinaitwa kreatinini, na hufanyika katika maabara za hospitali, ikiwemo Sekou Toure na Bugando. Pamoja nacho omba mkojo upimwe protini, kwani kwa mwenye kisukari protini huweza kuonekana kwenye mkojo mapema, kabla kreatinini haijapanda. Mpaka majibu hayo yapatikane, haya ninayoandika yachukue kama mambo ya kwenda kuzungumza na daktari wa kliniki yako, na si cheti cha dawa.

Kinachonitia wasiwasi ni diklofenaki kukutana na kidonge chako cha presha. Figo huchuja damu kwa kutegemea msukumo wa damu ndani ya chujio zake ndogo ndogo. Mwili huulinda msukumo huo kwa njia mbili: mshipa unaoingiza damu kwenye chujio hutanuliwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, na mshipa unaotoa damu hubanwa kiasi ili damu isipite haraka mno. Losartani hulegeza huo mshipa wa kutokea, na kwa mwenye kisukari hilo ni jema, kwa sababu hupunguza msukumo unaoziumiza chujio mwaka hadi mwaka. Haidroklorothiazidi hutoa maji na chumvi. Figo yenye afya huzivumilia hizo mbili vizuri. Diklofenaki inapoongezwa, huzuia mwili usitengeneze prostaglandini, mshipa wa kuingilia nao unabana, na figo inabaki bila kinga: damu inayoingia imepungua, inayotoka haizuiliwi, na maji yenyewe mwilini ni machache. Muungano wa dawa hizi tatu unajulikana sana kwa kuangusha figo ghafla, na hatari yake hupanda siku ambayo mgonjwa anahara, anatapika, au hajanywa maji ya kutosha.

Hili la maji nalisema kwa mkazo kwa sababu ya kazi yako. Akina mama wengi wa sokoni hufika alfajiri kupokea magunia yanayoshushwa kutoka visiwani, wanasimama juani mpaka mchana, na wanajizuia kunywa maji kwa makusudi ili wasihangaike kutafuta choo na kuacha mzigo bila mtu. Mtu wa namna hiyo, akiwa amemeza losartani na haidroklorothiazidi asubuhi, kisha akaongeza diklofenaki kwa sababu goti limemkatalia, amekusanya kila kitu kinachoweza kuidhuru figo kabla ya saa nane mchana. Haoni dalili yoyote. Figo hazina tabia ya kuuma zinapopungua nguvu, na wengi hugundua miguu imevimba na chakula hakiliki wakati sehemu kubwa imeshapotea.

Kuna mambo mengine mawili kuhusu diklofenaki. Inapandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa unayotumia kuishusha, kiasi kwamba daktari asiyejua kuwa unaimeza anaweza kukuongezea kidonge cha tatu cha presha wakati kilichohitajika ni kuondoa kimoja. Pia ina uzito wake kwa moyo. Dawa ya jamii hiyo hiyo, rofekoksibu, iliondolewa sokoni mwaka 2004 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo, na mwaka 2013 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulielekeza kwamba diklofenaki isitumiwe na wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi, na kwamba wenye presha, kisukari au lehemu nyingi wapewe kwa uangalifu mkubwa tu. Vidonda vya tumbo unavijua, sitavirefusha.

Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi: diklofenaki ya kumeza kila siku iache. Haihitaji kupunguzwa kidogo kidogo. Maumivu ya magoti yanaweza kuongezeka siku za mwanzo, na hilo tutalitafutia njia hapa chini. Presha inaweza kushuka ikilinganishwa na ulivyozoea, hivyo ipime ndani ya wiki mbili. Usibadilishe diklofenaki kwa ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu au asiklofenaki ukidhani umehama, kwa maana zote ni jamii moja na kwa figo zako tofauti yake ni ndogo. Soma maandishi ya nyuma ya boksi, kwa kuwa vipo vidonge vingi madukani vilivyochanganywa diklofenaki na parasetamoli vikiuzwa kwa jina lisiloonyesha kilichomo. Sindano ya diklofenaki nayo ni dawa ile ile. Haina usalama zaidi kwa kupita kwenye msuli, na mara nyingine huumiza mshipa wa fahamu wa makalio na kumwachia mtu tatizo la nne.

Sasa tuyatenganishe maumivu yako, kwa kuwa wewe umeuliza juu ya dawa moja ilhali una magonjwa matatu yanayouma kwa njia tofauti. Magoti yanauma kwa sababu gegedu, yaani ule utando mgumu laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika na kiungo kinapata uvimbe wa ndani kila unapokilemea. Nyayo zinawaka kwa sababu mishipa ya fahamu yenyewe imeharibika na inapeleka taarifa za maumivu pasipo na jeraha. Mgongo unaoshusha maumivu mguuni kwa kawaida ni mshipa wa fahamu unaobanwa au kukereketwa unapotoka kwenye uti wa mgongo. Diklofenaki inaweza kulituliza goti, lakini kwa nyayo zinazowaka haina msaada wa maana, na ndiyo sababu umeimeza mwaka wa pili huku bado huwezi kulala.

Nianze na nyayo, ambako kuna mengi ya kufanya. Kabla ya kuchagua dawa ya kutuliza, lazima tujue kinachoiharibu mishipa. Kisukari cha miaka tisa kinatosha kuwa sababu, hasa kama sukari haijashikika, na hapo dawa ya kwanza ni sukari yenyewe. Uliza lini ulipimwa kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Lakini ipo sababu ya pili ambayo mara nyingi husahaulika: metformini ikitumiwa miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, hupunguza vitamini B12 inayoingia mwilini, na upungufu wa B12 huleta ganzi na kuungua kwa nyayo kunakofanana kabisa na kwa kisukari. Mtu anayetumia pia omeprazoli kwa ajili ya tumbo, kama wengi wanaomeza diklofenaki wanavyofanya, hupoteza B12 kwa njia mbili. Omba daktari afikirie kuipima. Ikiwa kipimo ni ghali au hakipatikani, kuna madaktari wanaoamua kutibu kwa B12 kwa muda na kuangalia matokeo, na mimi naona uamuzi huo ni wa busara kwa mtu wa hali yako. Usiache metformini kwa sababu ya hili. Wala usijinunulie vidonge vikali vya vitamini B vilivyochanganywa na kuvimeza miezi na miezi, kwa sababu vingi vina B6 nyingi, na B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa ya fahamu. Kama umewahi kutumia dawa za kifua kikuu au za kukinga kifua kikuu, mweleze daktari. Hali ya VVU pia ijulikane, kwa sababu VVU vyenyewe, na baadhi ya dawa za zamani, huleta nyayo za namna hiyo.

Dawa zinazotumika kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu ni amitriptilini, duloksetini, pregabalini na gabapentini. Hakuna kati ya hizo inayomsaidia kila mtu. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, ili mtu mmoja apate nafuu ya angalau nusu ya maumivu kutokana na dawa yenyewe, dawa za kundi la amitriptilini hupewa watu takriban wanne, kundi la duloksetini watu sita au saba, na pregabalini watu saba au wanane. Tafiti za amitriptilini nyingi ni za zamani na ndogo, kwa hiyo sidhani ubora wake ni mkubwa kama namba hizo zinavyoonyesha. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022 ulizilinganisha amitriptilini, duloksetini na pregabalini kwa wagonjwa wa kisukari wenye nyayo kama zako, ukakuta nafuu inakaribiana, na kwamba aliyekosa nafuu ya kutosha kwa dawa moja aliweza kunufaika kwa kuongezewa ya pili. Maana yake kwako ni kwamba dawa isichaguliwe kwa sifa ya ukali. Ichaguliwe kwa kuangalia mwili wako unavumilia nini, magonjwa mengine uliyonayo, bei, na kama utaipata mwezi baada ya mwezi.

Amitriptilini naona uliiacha mapema, na kosa halikuwa lako. Miligramu 25 ni nyingi kwa kuanzia kwa mtu wa umri wako anayeamka saa kumi alfajiri. Kwa maumivu huanzwa na miligramu 10, na pale ambapo kuna vidonge vya 25 tu, daktari anaweza kukuruhusu kukata nusu. Jambo jingine ni saa ya kuimeza: usiimeze unapopanda kitandani, imeze saa moja au saa mbili usiku ili uzito wake uwe umepungua alfajiri. Usingizi mzito na kinywa kukauka mara nyingi hupungua baada ya wiki moja au mbili, ilhali nafuu ya maumivu huhitaji wiki kadhaa ndipo uipime kwa haki, kwa hiyo mtu anayeacha siku ya nne ameonja ubaya wake wote bila kufika kwenye faida. Lakini kuna isiowafaa. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa, aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, mwenye presha ya macho ya aina fulani, au anayepata shida ya kukojoa, atafutiwe nyingine. Kwa umri wako na magonjwa uliyonayo, ningependa upigwe kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuongeza dozi. Na ukiamka usiku kwenda choo, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa sababu dawa hii ikijumlishwa na ya presha inaweza kukuangusha.

Duloksetini ndiyo ninayoona inastahili kuzungumzwa zaidi katika hali kama yako, kwa sababu moja: inagusa zaidi ya aina moja ya maumivu yako. Marekani iliidhinishwa mwaka 2004 kwa maumivu ya mishipa ya fahamu ya kisukari, na mwaka 2010 ikaidhinishwa kwa maumivu sugu ya misuli na mifupa, yakiwemo ya goti lililosagika na ya mgongo. Nafuu yake kwa goti si kubwa, lakini kidonge kimoja kinachopunguza kidogo huku na kidogo kule ni bora kuliko vidonge viwili vyenye madhara mawili. Huanzwa miligramu 30 kwa siku pamoja na chakula ili kichefuchefu kipungue, kisha 60. Inaweza kupandisha presha kiasi, haifai kwa mwenye ugonjwa wa ini wala kwa figo zilizopungua sana nguvu, na haiachwi ghafla. Tatizo lake kwetu ni bei, na kwamba haipatikani katika kila famasi. Kabla hujaianza hakikisha utaweza kuinunua miezi mitatu mfululizo, la sivyo amitriptilini ya dozi ndogo ni mwanzo mzuri zaidi. Hizo mbili usizichanganye mwenyewe, kwa kuwa duloksetini hupandisha kiwango cha amitriptilini kwenye damu.

Pregabalini aliyoifikiria binti yako ni dawa halali kwa nyayo. Kwa magoti haifanyi lolote. Kwa maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni ilijaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, na haikuwa bora kuliko kidonge kisicho na dawa. Huongeza uzito, na uzito ndio unaoyalemea magoti yako. Huvimbisha miguu, na kwa mtu mwenye presha na wasiwasi wa figo uvimbe huo humchanganya hata daktari. Hutoka karibu yote kupitia figo, hivyo dozi yake hupangwa kwa kuangalia majibu ya kreatinini. Gabapentini iko vivyo hivyo, ila humezwa mara tatu kwa siku. Mwambie binti asitume kwanza. Fedha hizo zilipie vipimo vya figo, na kama daktari ataona pregabalini inafaa, ataandika dozi ya kuanzia na ya kupandia.

Tramadoli ya jirani usiimeze. Hutolewa kwa cheti cha daktari, na kwako ina ubaya wa ziada. Inaweza kushusha sukari, na wewe tayari unatumia glibenklamidi, ambayo nayo hushusha sukari, na huishusha zaidi pale figo zinapokuwa dhaifu. Sukari ikishuka hivyo inaweza kumlaza mtu bila fahamu usiku, watu wakadhani amelala. Ikikutana na amitriptilini au duloksetini huongeza uwezekano wa degedege na wa hali ambayo mwili unatetemeka, unatoka jasho na mapigo kwenda mbio. Ikikutana na pregabalini au gabapentini huweza kupunguza pumzi. Juu ya yote hayo huzoeleka, na kuiacha baada ya miezi ni kazi ngumu. Ina nafasi yake kwa siku chache, chini ya daktari, kwa maumivu makali yenye mwisho unaojulikana. Maumivu yako hayana mwisho wa siku chache. Hata kama jirani imemsaidia, figo zake, sukari yake na dawa zake si zako.

Kwa magoti, njia ninayoipendekeza kwanza ni diklofenaki ile ile lakini ya kupaka. Ikipakwa, kiasi kinachoingia kwenye damu ni chini ya sehemu moja ya kumi ya kile cha kumeza, na kwa goti, ambalo liko karibu na ngozi, nafuu yake imethibitika. Kwa mwenye figo dhaifu bado inahitaji ruhusa ya daktari, ila hatari hailingani na ya kidonge. Wengi husema jeli haifanyi kazi, na nikiwauliza wanavyoipaka naona wanatumia kama mafuta ya kujipaka baada ya kuoga: tone dogo, mara moja, magoti yote mawili. Kipimo kamili cha jeli ya asilimia 1 kwa goti moja ni gramu 4, yaani mstari wa urefu wa sentimita 11 hivi, mara nne kwa siku. Piga hesabu: tyubu ya gramu 30 haimalizi siku mbili kwa goti moja. Najua gharama hiyo si ya kila mtu. Ushauri wangu wa vitendo ni uanze na goti linalouma zaidi, upake mstari huo asubuhi kabla ya kutoka na jioni ukirudi, kwa wiki mbili, kisha uamue kama fedha inastahili. Usifunge kitambaa kwa nguvu juu yake.

Parasetamoli haina nguvu kubwa kwa goti lililosagika, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha hivyo. Hata hivyo kwa siku mbaya, au kabla ya kazi inayojulikana kukuumiza, gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, ni chaguo salama kuliko diklofenaki. Usizidishe gramu 4 kwa siku nzima, na kama mwili ni mdogo au ini lina shida, daktari atakushushia zaidi. Hesabu hiyo ijumuishe dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani. Vidonge vinavyoyeyuka kwa mapovu kwenye maji viepuke, kwa sababu vina chumvi nyingi isiyoifaa presha yako.

Sindano ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) ndani ya goti, ikichomwa na daktari wa mifupa, hutuliza kwa wiki kadhaa na hupandisha sukari kwa siku chache. Inafaa kwa goti moja lililovimba na kukwama, na si kila mwezi. Kuna jambo moja lisilo dawa ambalo lazima niliseme, kwa kuwa kwa goti halizidiwi na kidonge chochote nilichokitaja: kuimarisha msuli wa mbele wa paja. Ukiwa umekaa kwenye kiti sokoni, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa, ushikilie ukihesabu hadi kumi polepole, ushushe, kisha wa pili. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Acha kukaa kwenye kigoda kifupi unapopima dagaa, kwa sababu goti lililokunjwa kupita kiasi hubeba mzigo mkubwa zaidi unapoinuka. Idara za mazoezi tiba katika hospitali kubwa zitakufundisha mengine, na mengi yanausaidia mgongo pia.

Mgongo wenyewe hauna dawa nzuri ya peke yake. Maumivu mengi yanayoshuka mguuni hupungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache mtu akiendelea kutembea bila kulala kitandani muda mrefu na bila kuinua magunia. Kwa hiyo sitakuongezea kidonge kwa ajili yake. Kikiwepo kilichochaguliwa kwa nyayo na goti, na mgongo utapata sehemu yake.

Vitu viwili vya nyumbani navihofia. Cha kwanza ni kukanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Magoti yakande, lakini nyayo zenye ganzi hazijui moto ni kiasi gani, na jeraha la kuungua kwa mwenye kisukari linaweza kumalizika kwa kukatwa mguu. Cha pili ni unga au vidonge vya "viungo" visivyo na maandishi, vinavyosifiwa kuwa ni mitishamba mitupu. Katika nchi mbalimbali bidhaa za namna hiyo zimekutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki zilizofichwa ndani. Dawa inayomwondolea mtu maumivu yote kwa siku mbili, huku sukari ikipanda na uso ukijaa, hiyo mpelekee daktari pamoja na chombo chake, na usiikatishe ghafla mwenyewe kama umeitumia kwa wiki kadhaa.

Kuhusu kuchanganya, jibu ni ndiyo, ila kwa utaratibu. Dawa inayofanya kazi kwenye mishipa ya fahamu, jeli ya kupaka gotini na parasetamoli ya siku mbaya vinaweza kwenda pamoja, kwa sababu kila kimoja kina njia yake. Lakini usianze viwili wiki moja, maana hutajua kilichokusaidia wala kilichokuumiza. Anza kimoja, kipe wiki nne hadi sita kwa dozi inayoeleweka, na ukipime kwa mambo unayoyaona: unalala saa ngapi bila kuamshwa na nyayo, unapanda daladala bila kushikwa mkono, unasimama sokoni mpaka saa ngapi. Ukiona maumivu yamepungua kwa theluthi moja au nusu, hiyo ni nafuu ya kweli kwa magonjwa haya, na dawa hiyo inastahili kubaki. Kama hakuna mabadiliko, iondolewe kwa kupunguzwa taratibu ndipo nyingine ijaribiwe. Wagonjwa wengi ninaowaona wenye mifuko mikubwa ya dawa hawakuandikiwa zote siku moja. Ziliongezwa moja moja na hakuna aliyekaa chini kuondoa zilizoshindwa. Siku ya kliniki beba vidonge vyote mezani, na cha jirani pia.

Yako mambo yasiyosubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata choo cheusi kama lami, mkojo kupungua sana au miguu na uso kuvimba, maumivu ya kifua, jasho la baridi na kuchanganyikiwa, kidonda chochote kwenye unyayo hata kama hakiumi, mguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu unazokalia, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na haja kubwa. Siku ya kuhara au kutapika kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kurejesha maji mwilini yanayouzwa kwa pakiti, usiguse dawa yoyote ya jamii ya diklofenaki, na piga simu au fika kituoni siku hiyo uulize kama metformini na kidonge cha presha visimamishwe mpaka utakapokuwa unakula na kunywa vizuri. Glibenklamidi pia uulizie, kwa sababu ukiimeza bila kula sukari inaweza kushuka mno.